LETA IJUE KODI YETU, LAKINI ISITANGAZE MAISHA YETU



Katika somo la siviki tunafundishwa kwamba raia mwema analipa kodi. Sisi mashefu wa madarasa, finalisti wa mwaka huu, tunakubali kabisa. Bila kodi hakuna barabara, hakuna mshahara wa mwalimu. Lakini tunauliza: leta iko na haki ya kujua mambo yetu mpaka wapi? Wazo letu ni hili: ijue kile kinachohesabiwa kodi, basi. Na mwenye kujua afunge kinywa.

Muangalie inchi ya Kenya (siyo komini yetu ya Kenya, hapana). Kule sheria inakataza ofisi ya kodi, KRA, kulazimisha mfanyabiashara atoe siri za kazi yake ao habari za wateja wake. Mwaka 2024 serikali ilitaka kufungulia KRA mlango huu, lakini mswada ule haukuwa sheria, kisha maandamano makubwa ya vijana. Mwaka 2025 ikajaribu tena. Kamati ya fedha ya Bunge ikakataa. Katiba yao, kifungu cha 31, inalinda siri ya mtu.

Na kwetu Kongo? Katiba ya 2006 inalinda siri ya mtu vilevile, na ni kifungu cha 31 pia! Sheria ya kodi ya tarehe 13 Machi 2003 inafunga wafanyakazi wa kodi kwa siri ya kazi. Miaka 20 kamili nyuma yake, tarehe 13 Machi 2023, ikatoka sheria kubwa ya numeriki, yenye kulinda habari za watu. Kwa hiyo sheria ziko. Kazi inayobaki ni kuzifuata.

Mukumbuke RAM. Toka 2020 unite za simu zilikuwa zinakatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti. Kila simu ilijulikana kwa namba yake, lakini mwenye simu hakujua pesa yake inaenda wapi. Watu walilalamika sana, na mwaka 2022 RAM ikafutwa. Leta ilikuwa inaona raia, raia hakuona leta.

Kuna wenye kusema: «Mwenye hana kitu ya kuficha, ataogopa nini?» Tunajibu: ataogopa mwizi. Hapa Lubumbashi tunajua wezi wa usiku. Hawaingie nyumba ovyo, wanaingia pale wamesikia kuna pesa. Kama mwenye kupokea kodi anazungumza jioni kwenye baa kwamba mama fulani ameuza vizuri, ile nyumba haitalala tena.

Wengine wanasema siri inasaidia wakubwa kuiba. Hapo tutofautishe. Ripoti za ITIE zinaonyesha wazi kampuni za madini zinalipa leta kiasi gani, na ni vizuri, sababu shaba na kobalti ni mali ya inchi yote. Mama muuza unga hauzi mali ya inchi. Nani anamkopa, nani anamtumia pesa kwa simu, hayo ni yake. Leta ikimshuku, iende kwanza kwa tribunali.

Sasa turudi hapa masomoni. Ekonoma lazima ajue nani amelipa minervali na nani bado. Lakini darasa zima liko na kazi gani na habari hii? Jina la mtoto likisomwa mbele ya wote, baba yake asiyepata mshahara anasomwa naye. Kuna wenye kukaa nyumbani wiki nzima, siyo sababu ya deni, ni sababu ya haya. Tunaomba wakubwa wetu kwa heshima: liste ibakie kwa ekonoma, na mwenye deni aitwe peke yake. Sisi mashefu tuko tayari kupeleka barua zilizofungwa.

Yesu alisema tumpe Kaisari vilivyo vya Kaisari. Hakusema Kaisari asomee majirani vile tulivyompa.

Mwenye wazo lingine aandike, bulteni ni yetu sisi wote.

Mashefu wa madarasa, finalisti