Abiria Wasinyamaze

Dereva wa matatu akikimbiza gari baina ya Karatina na Sagana na kuyapita mengine kwenye kona, abiria wote huingiwa na hofu, lakini hakuna anenaye. Je, ni woga? Nadhani sivyo. Kila mmoja hutazama uso wa mwenziwe, na akiuona umetulia hudhani ni yeye pekee aliyeshtuka. Hivyo kimya cha mmoja huwa amri kwa wote.

Mwaka 2008 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walilijaribu jambo hili humu nchini. Stika zilibandikwa ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za masafa marefu, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva mzembe. Madereva waliozihifadhi walishindania zawadi za bahati nasibu. Matokeo yake, madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili.

Stika hizo hazikuwafunza abiria jambo jipya, maana nani asiyejua kuwa mwendo wa kasi huua? Zilichowapa ni ruhusa. Asemaye, "Dereva, punguza mwendo," haonekani tena mjuaji, kwa kuwa maandishi yamekwisha kumtangulia.

Wapo watakaosema sheria yatosha. Mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki zililazimisha vidhibiti mwendo na mikanda, nazo zilifaa. Lakini polisi hawezi kuketi katika kila gari, ilhali abiria yumo tayari.

Hata hivyo, si haki kumtwika abiria mzigo wote. Dereva anayedaiwa hesabu maalumu kila jioni amewekewa jambo la kumsukuma akimbie, na ajuaye kupanga hesabu hiyo ni mwenye gari. Yeye naye yampasa aulizwe.

Kwenu walimu wa Nyeri, Nanyuki, Kerugoya na Embu: shule zikifungwa, wanafunzi wenu hujaa katika magari haya. Kabla hawajaondoka, wapeni somo moja la kunena kwa adabu na kwa pamoja, kwani sauti ya mmoja hupuuzwa upesi kuliko ya watano. Nanyi wanafunzi, andikeni stika zenu kwa Kiswahili sanifu, kisha mwombeni dereva azibandike. Akikataa, mtakuwa mmejua mapema gari la kutopanda.