Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali asiyeijua methali hii. Tunaikariri kwa ajili ya mtihani, tunaeleza maana yake kwa mistari mitatu, tunapewa alama zetu. Halafu tunafungua simu na kutazama kwa husuda maisha ya mume na mke kutoka Ulaya ambao walihamia Zanzibar miaka mitano iliyopita na hadi leo hawajaugusa hata mpini wa jembe hilo. Tunaandika "maisha ndiyo hayo" na kuwatumia wenzetu. Mimi nasema maisha hayo si ya kuhusudiwa. Ni maisha ya watu walioikataa siku ya tatu, na inasikitisha kwamba wanaowapigia makofi ni wanafunzi wa lugha ileile ambayo wao hawana haja nayo.

Mnawafahamu watu ninaowazungumzia, kwa sababu simulizi zao zinafanana kama ndugu. Wamepanga nyumba Paje au Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, nyumba ya chokaa iliyoezekwa makuti, kodi inalipwa kwa dola. Asubuhi ni kahawa na kompyuta barazani. Alasiri, upepo ukipanda, mume anachukua tiara lake na ubao anateleza juu ya maji. Jioni samaki wa kuchoma. Shida zao pia wanazisimulia, na sitaki kuzidharau, kwa maana ni za kweli: hewa ya chumvi inakula jokofu na bawaba za milango, umeme unakatika, sisimizi wanaingia hadi kwenye sukari, intaneti inakwama katikati ya mkutano. Ughaibuni ni ughaibuni, hata kukiwa na minazi.

Lakini hesabu watu waliomo katika simulizi hiyo. Utapata wawili. Wengine wote ni mlinzi, dada wa kazi, kijana wa samaki. Hawana majina, hawana wazazi, hawana maoni. Wanatabasamu. Kisiwa chenye watu zaidi ya milioni moja kimekuwa ukuta wa kutundikia picha za watu wawili.

Nitoe mfano wa jambo linalotokea mbele ya baraza hiyo kila mwezi. Paje ni miongoni mwa vijiji vilivyotangulia kulima mwani kwa biashara, mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji yakiwa bamvua, bahari inarudi mbali sana, nao wanaingia na vigingi na kamba, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, wanavuna, wanabeba magunia yaliyolowa hadi ufukweni, wanaanika. Ndilo jembe la kijiji hicho. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi haivumilii joto, na bahari ya kina kifupi imekuwa ikipata joto kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo mwani unaoza kwenye kamba kabla ya kuvunwa. Anayetaka kuendelea kuulima inambidi aufuate kwenye maji ya kina, na wengi wa wanawake hao hawakufundishwa kuogelea. Isitoshe, maji hayohayo ndiyo uwanja wa tiara. Kumekuwa na ugomvi wa wazi kati ya wakulima na michezo hiyo juu ya nani ana haki ya kuwa wapi.

Sasa niambieni, mtu anawezaje kukaa miaka mitano mita mia moja kutoka kwenye ugomvi huo asiujue? Jibu ni rahisi: hawezi kuuliza, na akiambiwa hawezi kusikia. Anachoona ni wanawake wenye kanga za rangi nzuri wakitembea majini wakati wa jua kuchomoza. Anapiga picha. Kama angekuwa na Kiswahili cha kutosha kusema "poleni na kazi" na kusubiri jibu, angejua bamvua lijalo ni lini, angejua bei ya kilo imeshuka, na pengine angesogeza tiara lake. Hapo angekuwa jirani.

Najua mtakalonijibu, maana limeshajibiwa darasani: wageni hawa wanaleta fedha. Ni kweli, wanaleta. Wanaajiri, wanajenga, wananunua samaki kwa bei ambayo mwenyeji halipi (na ambayo, nadhani, baadaye mwenyeji anakuja kulazimishwa kuilipa, lakini hilo ni somo la uchumi). Serikali ya Zanzibar inawataka, na haifichi: mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa anaweza kupewa kibali cha ukaazi, yeye, mwenzi wake na watoto wao. Siilaumu serikali kwa kutafuta mtaji. Ninachosema ni kwamba methali haikutaja dola. Wahenga wangeweza kusema siku ya tatu mpe hesabu yake alipe. Walisema mpe jembe, kwa sababu walijua kwamba anayelipa na anayelima pamoja nawe ni watu wawili tofauti. Wa kwanza ni mpangaji. Mpangaji hana kosa, mradi asijiite mwanakijiji.

Tena hebu tuigeuze safari. Mwaka 1866 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alitoroka Zanzibar. Mwaka uliofuata akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Nao walikuwa mke na mume, na kwa mmoja wao ilikuwa nchi ya ugenini. Je, kuna aliyemwambia kwamba maneno matano ya Kijerumani yanatosha, kwamba watu wa Hamburg watacheka kwa upole na kumjibu kwa Kiarabu au Kiswahili? Hakuna. Ilibidi ajifunze lugha, mavazi, chakula, baridi, na dini mpya, na mume akafa mwaka 1870 akamwachia watoto watatu wadogo wa kulea katika nchi hiyo. Mwafrika Mashariki akienda kwao anakabidhiwa jembe mlangoni, kabla hata hajavua viatu. Hivi leo ndugu zetu walioko Lyon wanafanyishwa mitihani ya lugha ili wapate vibali vya kuishi. Wao wakija kwetu, sisi ndio tunaobadili lugha.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki methali imepinduliwa kwa namna inayouma zaidi. Julai 2013, Rais Kikwete aliwataka wahamiaji waliokuwa Kagera bila vibali waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu ya watu walivuka Rusumo kuja Rwanda. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, na wapo ambao kweli hawakuwa na hati. Lakini miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa Tanzania miongo kadhaa, wanaosema Kiswahili na Kihaya, waliolima migomba na kufuga ng'ombe pale. Walikuwamo wenye waume au wake Watanzania, na ndoa zikakatwa katikati na daraja. Hao jembe walilishika hadi likawachubua mikono, na bado waliambiwa ni wageni. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya yetu ilikuwa na miaka mitatu tangu ianze kufanya kazi. Weka wanandoa wa Kagera upande mmoja na wanandoa wa Paje upande wa pili, kisha uniambie neno "mgeni" lina maana gani katika lugha tunayosomea shahada. Mmoja anaitwa mgeni ili akirimiwe, mwingine ili afukuzwe, na muda aliokaa hauhesabiki popote.

Mtu asije akadhani kwamba Kigali tumesalimika kwa kuwa hatuna bahari. Wapo wanandoa wa aina hiyohiyo Kimihurura na Nyarutarama, miaka sita, saba, na Kinyarwanda chao ni murakoze. Tofauti ni kwamba sisi tuna jembe la kweli, si la methali: Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, umuganda, na mkazi wa kigeni anakaribishwa kama wengine. Wako wanaokuja. Wanapewa koleo, wanachimba mtaro vibaya, wanachekwa, na kwenye mkutano baada ya kazi wanakaa kwenye nyasi pamoja na mwenye duka na fundi pikipiki. Wengine wanaijua siku hiyo kama asubuhi ambayo maduka yamefungwa.

Kilichonifanya niandike haya si wao, bali sisi. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na kabla ya hapo kiliishi Biryogo na Nyamirambo bila kungoja sheria. Tunasoma lugha ya jirani ili tuwe majirani. Lakini fungua mazungumzo tunayoigiza darasani. Ni mgeni anafika hotelini, anauliza bei ya chumba, anataka kwenda ufukweni, anaomba juisi ya embe. Tunafunzwa Kiswahili cha watu wawili wa barazani! Hatujaigiza hata mara moja mtu anayekwenda kutoa pole msibani, au anayebishana na mwenye nyumba juu ya kodi, au mwanamke anayemweleza mwenzake kwa nini mwani wake umeoza. Na hivi sasa kuna kundi linalochangishana fedha za kwenda Zanzibar likizo ijayo. Nimeona ratiba: siku nne, fukwe tatu, kisiwa cha kobe. Kiingereza kitatosha kabisa kwa safari hiyo.

Naomba waalimu wetu waifute sura ya hoteli muhula ujao na kuweka mahali pake sura ya mazishi, ya kisima na ya kodi ya nyumba. Na kundi la likizo, kwa kuwa bado halijalipia malazi, litafute kalenda ya bamvua, lipunguze ufuo mmoja, na asubuhi moja lishuke Paje kabla ya jua kali, likiwa na viatu vya kukanyagia miamba na neno la kuanzia: "Tunaweza kuwasaidia kubeba?"