BAISKELI NA MOTOKAA



Kila alfajiri wenzetu wengi hutoka Kaptembwa na Rhonda kwa baiskeli kwenda kazini. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini mwenye baiskeli angali apita ukingoni mwa lami, na mahali pengi ukingo umeliwa na udongo umeshuka. Lori likipiga honi nyuma yake, hana budi kuteremka. Akiteremka ghafula, huanguka. Halafu watu husema alikuwa amelewa.

Reli yetu ya zamani ni ya njia moja. Treni mbili zikikabiliana, moja hungoja stesheni mpaka nyingine ipite, wala dereva wake haoni aibu. Basi mwenye lori ashindweje kungoja kidogo nyuma ya baiskeli?

Lakini tuseme haki. Dereva wa matatu naye ni mfanyakazi, na tajiri wake amemwekea hesabu ya fedha za kuleta jioni. Akingoja, hasara ni yake. Neno hili yafaa waambiwe matajiri wa magari, si madereva peke yao. Nasi wa baiskeli tusijitakase, maana wengi wetu twapanda usiku bila taa.

Twataka wasimamizi wa barabara wajaze kingo hizo kabla ya masika. Kila mwanachama aandike mahali anapopajua palipobomoka, ampe katibu wa tawi, naye atazipeleka karatasi zote pamoja.