Dumuzi wa Tabora: Hatari Iliyojificha Ghalani

Tabora, njia panda ya misafara ya kale kati ya pwani na Ujiji, ndiko dumuzi alikobainika kwa mara ya kwanza barani Afrika, mwaka 1981. Asili yake ni Amerika ya Kati. Biashara ya nafaka ilimsambaza hadi nchi jirani, na wakulima wakampa jina la Skania.

Viwavijeshi huonekana shambani na kutangazwa mapema. Dumuzi hushambulia zaidi mavuno yakishahifadhiwa. Hupendelea mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa kuwa punje zilizoshikana humpa egemeo la kutoboa. Katika miezi michache akiba ya kaya hugeuka vumbi.

Ushauri wa wataalamu unafahamika: kupukuchua, kukausha vyema, kisha kutumia kiuatilifu kilichosajiliwa au mifuko isiyopitisha hewa. Ugumu ni kwamba dumuzi hula pia makopa na kujificha katika miti ya ghala. Kaya inayotibu mahindi na kusahau muhogo mkavu ulio kando yake humwachia mdudu huyo chakula cha kungojea msimu ujao. Kwa hiyo ukaguzi wa vihenge kabla ya mavuno unastahili nafasi kubwa zaidi katika ratiba za maofisa ugani.