Mashine ya kupumulia si ya kufichwa chini ya kitanda

KATIKA mitaa yetu ya mijini, mtu anayekoroma huwa kichekesho. Watoto humwiga, mkewe humsengenya kwa mashemeji, naye hujitetea kwamba ni uchovu wa kazi. Wako hata wanaosema kwamba mkoromo mzito ni dalili ya usingizi mtamu. Imani hiyo imewaficha wagonjwa wengi kwa muda mrefu mno.

Si kila mkoromo ni ugonjwa. Lakini uko mkoromo unaopanda na kupanda, kisha ukakatika ghafla. Kifua huonekana kikijitahidi, lakini hewa haiingii. Baada ya sekunde 10, 20 au hata zaidi, mtu hugutuka kama aliyekabwa koo, huvuta pumzi kwa kishindo, kisha huurudia mkoromo wake. Madaktari huiita hali hii apnia, yaani kukatikiwa na pumzi usingizini. Misuli ya koo hulegea mtu anapolala, na ulimi pamoja na nyama laini za nyuma ya kinywa huangukia njia ya hewa na kuiziba. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka na kumwamsha mwenyewe kidogo tu, kiasi cha kuifungua njia, bila yeye kujua.

Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mdogo. Kuanzia mara 15 ni wa wastani, na ikifika 30 ni mkali. Hebu piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa saa saba za usiku, ni mara 210. Huyo amelala au amepigana mieleka?

Ndiyo maana huamka na kichwa kizito na kinywa kikavu, baada ya kwenda msalani mara tatu usiku. Akikaa mkutanini husinzia. Akishika usukani husinzia, na hapo si shida yake peke yake tena bali ni ya wote waliomo garini. Isitoshe, ugonjwa huu huandamana sana na shinikizo la damu, hasa lile linalokataa kushuka. Mgonjwa huongezewa dawa ya pili, akaongezewa ya tatu, na hakuna anayemuuliza analalaje. Kwa maoni yangu, swali hilo lingepaswa kuulizwa kila mara mgonjwa wa shinikizo la damu anapopimwa, kwani halilipiwi hata senti.

Wala usidhani kwamba ni ugonjwa wa wanaume wanene pekee. Unene na shingo nene huuzidisha, ni kweli, lakini kuna wembamba wenye taya dogo wanaougua vilevile, na wanawake hupatwa zaidi baada ya kukoma hedhi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba karibu watu bilioni moja duniani, wa umri wa kati ya miaka 30 na 69, wana hali hii.

Tiba yake iliyozoeleka kwa ugonjwa wa wastani na mkali ni mashine ndogo ya kusukuma hewa, iwekwayo kando ya kitanda. Hewa hupita katika bomba la mpira hadi kwenye barakoa inayofungwa usoni kwa mikanda. Wengi hufikiri kwamba ni mashine ya oksijeni, kumbe sivyo. Ni hewa ile ile ya chumbani, ila inasukumwa kwa nguvu ndogo ya kutosha kuizuia njia ya hewa isijifunge. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwaka wa 1980, na taarifa ya wagonjwa watano wa kwanza ikachapishwa mwaka wa 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa mahututi wa apnia alitobolewa tundu kooni ili apate kupumua usiku. Watumiaji wa mwanzo walibandikwa barakoa puani kwa gundi. Anayenung'unikia mikanda ya siku hizi na alikumbuke hilo.

Hata hivyo, manung'uniko yana msingi, na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mashine hizi huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na nyingine hupita laki moja. Familia huchanga, pengine harambee hufanywa. Kisha mashine huletwa nyumbani, huvaliwa siku tatu au nne, na baada ya juma mbili iko chini ya kitanda pamoja na masanduku ya zamani. Mgonjwa huambiwa na jamaa zake kwamba hana uvumilivu. Sikubaliani nao. Mara nyingi aliyekosea ni yule aliyempa kasha, akampa na risiti, akamwambia kwaheri.

Kuivaa mashine hii ni jambo la kufundishwa. Tafiti zimeonyesha mara kadhaa kwamba mazoea ya siku za mwanzo ndiyo hutabiri kama mtu ataendelea nayo. Juma la kwanza, basi, ndilo linalohitaji mtu wa kumshika mkono mgonjwa, na ndilo juma ambalo kwetu mara nyingi huachwa peke yake.

Kuna kwanza hofu. Wakati wa janga la Korona mwaka wa 2020 na 2021, tulizoea kusikia kwamba fulani amewekwa kwenye mashine, na mara nyingi habari iliyofuata ilikuwa ya tanzia. Leo mtu akirudi nyumbani na mashine ya kupumulia, wazee huanza kuulizana kwa sauti ya chini. Yafaa waelezwe mapema kwamba mashine ya chumba cha wagonjwa mahututi humpumulia asiyeweza kupumua, ilhali hii humsaidia mtu anayepumua mwenyewe asizibwe koo. Mwenye nayo huamka asubuhi, akaivua na kwenda zake kazini.

Kuna pia aibu ya chumbani. Mume hataki kuonekana na mkewe amevaa kitu kama cha rubani wa ndege ya vita. Msichana anayekaribia kuolewa hujiuliza atamwambiaje mchumba. Hakuna dawa ya aibu hiyo isipokuwa kuzungumza, na ningependekeza mwenzi wa mgonjwa aende naye kliniki siku ya kufundishwa. Yeye ndiye aliyekuwa akikesha akihesabu pumzi. Wake wengi, na waume pia, husema kwamba usiku wa kwanza wa kimya uliwatia wasiwasi hata wakawasha taa kuhakikisha kwamba mwenzao yu hai.

Halafu kuna kero za mwili, na hizi karibu zote zina tiba. Mtu anayehisi kubanwa pumzi akivaa barakoa asianze nayo usiku wa manane. Aivae mchana au jioni akitazama taarifa ya habari, kwanza bila mashine kuwashwa, kisha ikiwashwa, dakika 15 leo na nusu saa kesho, hadi uso uizoee. Mashine nyingi zina namna ya kuanza kwa hewa ndogo na kuipandisha polepole baada ya mtu kulala. Muuzaji aulizwe jinsi ya kuiweka. Barakoa nazo ni za aina nyingi. Kuna ya kufunika pua, kuna ya kufunika pua na kinywa, na kuna ndogo inayokaa chini ya matundu ya pua tu, ambayo huwafaa wanaoogopa kufungwa uso. Ikivuja, dawa si kukaza mikanda hadi mwamba wa pua ukachubuka. Kukaza mno mara nyingi huzidisha uvujaji. Huenda kipimo si chake, au ndevu zinaizuia kushika vizuri.

Anayeamka na kinywa kikavu kama karatasi huenda anapumulia kinywa, na huhitaji barakoa kubwa au chombo cha kutia hewa unyevu. Chombo hicho hujazwa maji, na maji yafaayo ni yale yaliyokusanywa kutokana na mvuke, yauzwayo katika maduka ya dawa. Maji ya visima vya kuchimbwa, ambayo wakazi wengi wa Nairobi hutegemea, aghalabu yana madini na huacha utando mweupe chomboni. Baridi ya Julai nayo ina vituko vyake: hewa yenye unyevu hupoa ndani ya bomba ikawa matone, na mtu huamshwa na maji puani. Bomba livishwe kitambaa, na mashine iwekwe chini kuliko kichwa. Mkazi wa Mombasa, ambako hewa ina unyevu wake, huenda asikihitaji chombo hicho kabisa. Tumbo likijaa upepo, au msukumo ukionekana mkali mno, usiache mashine. Rudi kwa daktari aupime upya. Usiubadilishe mwenyewe kwa kubahatisha.

Barakoa ioshwe kila siku kwa maji ya sabuni isiyo kali na kuanikwa mbali na jua. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Umeme ukipotea je? Swali hilo huulizwa na kila mtu, na kwa haki, maana mnamo Agosti 25 na Desemba 10, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani. Barakoa zina matundu ya kutolea pumzi, na zile za kufunika pua na kinywa huwekewa kilango kinachofunguka hewa ikikatika, kwa hivyo mtu hatakosa hewa. Atakachokosa ni tiba ya usiku huo. Alale ubavu, na mwenye uwezo anunue betri. Chombo cha kupasha maji moto kikizimwa, mashine hula umeme kidogo tu na betri hudumu zaidi. Pombe na vidonge vya usingizi viepukwe, hasa usiku wa namna hiyo, kwani huzidi kuilegeza misuli ya koo.

Wako wanaosema kwamba mashine yenyewe haina faida. Hutaja utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2016, wa watu zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Ni kweli kwamba mashine haikuonekana kuwapunguzia mishtuko ya moyo wala kiharusi. Lakini waliopewa mashine waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, chini ya nusu ya usingizi wa mtu mzima. Siwezi kudai kwamba kuivaa usiku kucha kungegeuza matokeo. Ila hata kwa saa hizo chache, usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha ikawa afadhali. Kwa dereva wa matatu ya usiku ya kwenda Kisumu, hilo si jambo dogo.

Wengine wanangojea sindano. Mnamo Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa watu wanene wenye apnia ya wastani au kali. Kupunguza uzani husaidia kweli kweli, uwe wa dawa au wa jasho. Lakini uzani hupungua kwa miezi, na pumzi inakatika leo usiku.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni mashine za mitumba. Mjomba aliye ughaibuni huituma mashine aliyoacha kuitumia, na mgonjwa huivaa kama alivyoipokea. Msukumo wa hewa uliopimiwa mjomba si wako. Tena mnamo Juni 2021 kampuni ya Philips ilitoa mwito wa kurudishwa kwa mashine zake za aina kadhaa, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyo ndani ingeweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mtumiaji. Nambari ya mashine iangaliwe kabla haijasafirishwa, na barakoa na bomba vinunuliwe vipya.

Mashine za kisasa huandika kila kitu: saa zilizovaliwa, hewa iliyovuja, na mara ambazo pumzi ilikatika. Nchini Marekani, bima ya serikali ya wazee humtaka mgonjwa katika miezi mitatu ya kwanza aonyeshe kwamba ameivaa angalau saa nne kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku wa siku 30 mfululizo. Ni kanuni kali, na sipendi tiba kufanywa mtihani. Lakini angalau kuna mtu anayeuliza. Kwetu, mashine inaandika kila usiku na hakuna anayesoma.

Hospitali na maduka yanayouza mashine hizi yanapaswa kuhesabu mafunzo na ziara ya kurudi kuwa sehemu ya bei, si hisani. Mgonjwa apigiwe simu siku ya tatu, arudi baada ya juma moja, kumbukumbu zisomwe mbele yake, na barakoa isiyomkaa ibadilishwe bila kununua nyingine. Nawe unayekwenda kununua, kabla ya kutoa pesa muulize muuzaji ni siku gani utarudi asome yaliyoandikwa na mashine yako. Akikujibu kwamba hakuna haja ya kurudi, funga mkoba wako uende duka jingine.