Msimu wa Usajili: Tuulize Kwanza Habari ya Mishahara



Kila mwaka ligi inapofungwa, mji wetu wa Kisumu huanza ligi nyingine isiyo na refa. Huchezwa Kondele kwenye vituo vya bodaboda, huchezwa Kibuye siku ya soko, huchezwa Dunga watu wakingoja mashua, na huchezwa katika karakana zetu saa ya chakula. Swali ni moja: viongozi wa klabu wamemsajili nani, na wamemwacha nani aende? Mmoja husema mwenyekiti amelala. Wa pili husema kocha hajui kuchagua. Wa tatu anayo timu nzima kichwani, tangu kipa mpaka mshambulizi, na laiti angepewa kalamu yeye kombe lingekuwa letu.

Hatusemi mabishano hayo ni mabaya. Mtu anayetoa jasho siku sita ana haki ya kuufurahia mpira siku ya saba, na klabu ya wanachama ni mali ya wanachama. Lakini twaona ya kuwa mabishano haya huanza mahali pasipofaa. Huanza kwa jina la mchezaji, wakati yangepasa kuanza kwa mshahara wake. Neno letu la leo ni hilo.

YALIYOPITA YATUFUNDISHE

Tuchukue Gor Mahia, maana ndiyo inayowanyima watu wetu usingizi. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1968 kwa kuungana Luo Union na Luo Stars. Luo Union yenyewe ilikwisha kuwa bingwa wa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare na Espérance 2-2 huko Tunis, ikatoka sare tena 1-1 Nairobi, Peter Dawo akiwa mmoja wa mashujaa, na kwa magoli ya ugenini ikachukua Kombe la Washindi la Afrika. Mpaka mwaka 2024 ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi mara 21. Hakuna anayeweza kusema kwamba klabu kama hiyo haikujua kupata wachezaji.

Shida haikuwa kuwapata. Shida ilikuwa kuwaweka. Mwaka 2015 ilimaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja, na Michael Olunga alikuwa mbele. Mara tu baadaye, mwaka 2016, Olunga alikwenda Djurgården ya Sweden. Mwaka 2018 Meddie Kagere alikwenda Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2019 Francis Kahata alimfuata huko, naye Jacques Tuyisenge akaenda Petro ya Luanda. Mwaka 2020 beki Joash Onyango naye akavuka mpaka kwenda Simba. Kila mara mashabiki walisema maneno yale yale: viongozi wametuuza, mchezaji ni mamluki, hana uchungu na jezi.

Ndugu, tuyapime maneno hayo. Fundi wa mitambo akiacha karakana ya hapa kwa sababu karakana ya Mwanza inampa mara mbili, je, twamwita msaliti? Kuli akiacha kazi kwa sababu hajalipwa miezi mitatu, je, twasema hana uchungu na magunia? Hatusemi hivyo. Twasema ana watoto. Basi mchezaji naye ana watoto, tena miguu yake haitamlisha mpaka uzee. Fundi aweza kufanya kazi miaka 30 au 40. Mchezaji akifika miaka 35 amekwisha, na goti likivunjika leo, amekwisha leo.

Wako walioondoka kwa kuitwa na mshahara mkubwa, na wako walioondoka kwa kukosa hata ule mdogo. Sababu hizi mbili sisi wafanyakazi twazijua vizuri. Mwezi wa nane mwaka 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikiidhamini ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, iliondoa fedha zake baada ya ugomvi wa leseni na serikali. Baada ya hapo magazeti yaliandika si mara moja habari za wachezaji kususia mazoezi kwa kudai mishahara. Fedha zote zilikuwa zikitoka katika mfuko mmoja. Mfuko ulipofungwa, nyumba ilibaki giza.

Kisha likaja la mwaka 2023. Gor Mahia ilichukua ubingwa, lakini haikucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu ule. Ilinyimwa leseni kwa ajili ya madeni ya waliowahi kuitumikia. Tulifikiri neno hilo lingenyamazisha mabishano ya majina. Wachezaji walikuwako, kombe lilikuwako, mashabiki walikuwako. Kilichokosekana ni kulipa watu haki yao. Deni la mshahara lilifanya kazi ambayo mabeki wa timu nyingine za ligi hawakuiweza: liliisimamisha Gor Mahia.

MIWA NA MPIRA

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la klabu moja. Tazameni upande wa miwa. Timu ya SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 ilifukuzwa katika ligi kwa sababu ilishindwa kufika uwanjani mara tatu. Timu ya Chemelil, jirani zetu wa njia ya Muhoroni, nayo ilishuka daraja mwaka 2020. Mashabiki wao walibishana juu ya kocha. Lakini kila mtu wa ukanda wa miwa alijua hali ya viwanda: wakulima wakidai, wafanyakazi wakidai. Mahali ambapo mtu wa mtamboni halipwi, mtu wa uwanjani atalipwa na nani? Timu haikuanguka uwanjani. Ilianguka ofisini, kwenye daftari la mishahara.

WENZETU WANAFANYAJE

Huko Marekani wana mpira wao wa kubeba mikononi. Kila klabu ina meneja mkuu, ambaye kazi yake si kufundisha bali kuchagua na kusajili. Tangu mwaka 1936 vijana watokao vyuoni hugawanywa kwa zamu: klabu iliyoshika mkia mwaka uliopita huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho. Kijana hachagui tajiri wake, bali huchaguliwa, na sisi watu wa chama hatuwezi kuusifu utaratibu huo. Mashabiki wao nao hubishana juu ya meneja huyo miezi yote ligi ikiwa imefungwa, pengine kutushinda sisi.

Lakini ipo tofauti moja. Wachezaji wale wana chama chao tangu mwaka 1956. Kima cha chini cha mshahara kimeandikwa katika mapatano ya chama na matajiri, na tangu mwaka 1994 kimewekwa pia kikomo cha fedha ambazo klabu yaweza kutumia kwa mishahara yote. Basi shabiki wa kule akimlaumu meneja, ajua kwanza meneja alikuwa na kiasi gani mfukoni. Anahukumu akiwa na hesabu mbele yake. Sisi twahukumu gizani.

Tena tusidhani wenzetu walipewa haki kwa upole. Uingereza mpaka mwezi wa kwanza wa mwaka 1961 mchezaji, awe hodari namna gani, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma. Chama chao, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia mgomo, na kikomo hicho kikaondolewa. Ikabaki minyororo ya mkataba, ambayo kwayo klabu iliweza kumshika mchezaji hata muda wake ulipokwisha. George Eastham aligoma kuichezea Newcastle, na mwaka 1963 mahakama ikasema utaratibu ule haukuwa halali. Je, mpira ulikufa? Mwaka 1966 Uingereza ilichukua Kombe la Dunia.

WATAKAOTUPINGA

Tunajua watakaosema: "Maneno mazuri, lakini klabu zetu hazina fedha. Mtalipa kwa nini?" Neno hili lina ukweli, na hatulikimbii. Kuna shabiki ambaye hubishana juu ya usajili juma zima, na siku ya mechi huruka ukuta au humpa bawabu nusu ya bei. Huyo ameuchukua mshahara wa mchezaji kwa mkono wake mwenyewe. Anayeingia bure hana haki ya kuuliza kwa nini beki ameondoka.

Lakini ufukara si ruhusa ya kuahidi uongo. Kama klabu ina uwezo wa kulipa wachezaji 20, na isajili 20. Kuwasajili 30, kupiga nao picha wameshika jezi, kisha kuwalipa miezi miwili na kuwaacha, huko si kujenga timu. Ni kukopa bila kumwambia mwenye mali. Nasi mashabiki tuna sehemu yetu katika kosa hilo, maana sisi ndio tunaopiga kelele tukitaka majina mapya kila mwaka. Kiongozi aogopaye kelele husajili ili tunyamaze, na bili huja baadaye.

Wengine watasema klabu huishi kwa kuuza wachezaji. Sawa, lakini hata hiyo yataka makaratasi. Kanuni za FIFA zasema mchezaji akihamishwa kwenda nchi nyingine kwa malipo kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hayo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Olunga peke yake amecheza Sweden, China, Hispania, Japani na Qatar. Klabu yenye mikataba safi na faili lililopangwa yaweza kudai fungu lake kila kijana wake anapouzwa ng'ambo. Klabu isiyo na faili hubaki kupiga makofi.

MASWALI MATATU

Kwa hiyo, ndugu wanachama, msimu wa usajili unapofika, twaomba kila mmoja wenu, kabla ya kutaja jina la mchezaji, aulize maswali matatu.

Kwanza: je, ana mkataba wa maandishi, naye amepewa nakala yake? Ahadi ya mdomo hata sisi tumeonja uchungu wake.

Pili: je, waliokuwako msimu uliopita wamelipwa wote? Mchezaji mpya aliyeletwa juu ya deni la mchezaji wa zamani ni aibu, si furaha. Tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili, akimwandikia tajiri na kumpa siku 15 za kulipa, asipolipwa aweza kuvunja mkataba kwa haki. Maana yake ni kwamba klabu isiyolipa yaweza kumpoteza mchezaji wake bora bila kupata hata senti.

Tatu: je, hesabu za klabu zimesomwa mbele ya wanachama? Fedha za mlangoni zilikuwa ngapi, za mdhamini ngapi, na zimekwenda wapi? Swali hili haliulizwi kibarazani. Huulizwa katika mkutano wa klabu, na huulizwa na mtu mwenye kadi aliyelipa ada yake. Klabu ni kama chama: asiyelipa ada hana sauti, na asiyehudhuria mkutano ataongozwa na waliohudhuria.

Kwa wachezaji wenyewe twasema: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na haki ya kujiunga na chama. Haikusema "isipokuwa anayevaa njumu". Kipo chama cha wachezaji, Kenya Footballers Welfare Association. Jiungeni mkiwa wazima, msingoje siku goti litakapovunjika. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, na Tom Mboya, mwana wa Rusinga, akawasemea mpaka wakapata nyongeza ya 33 kwa mia. Hawakuipata kwa sababu kila kuli alikuwa hodari wa kubeba. Waliipata kwa sababu walisimama pamoja na madai yao yalikuwa na msemaji.

Nasi wafanyakazi wa Kisumu tusiwe watu wa mambo mawili. Hatuwezi kudai mshahara wetu Ijumaa kisha Jumapili tumwite mwenzetu mamluki kwa kudai wake. Endeleeni kubishana, ndugu, maana mpira bila mabishano ni chai bila sukari. Lakini atakayetuletea orodha ya wachezaji wa kusajili, tumwombe alete pia orodha ya mishahara yao na mahali fedha zitakapotoka. Hapo ndipo tutakapojua kama twazungumza na shabiki wa klabu au mpiga kelele tu.