Kanuni mpya za Ulaya zawapa mtihani wachongaji wa Tabaka

KWA vizazi kadhaa, jiwe laini linalochimbwa Tabaka, eneo la Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, limelisha familia na kusomesha watoto. Sanamu za viboko na twiga, bakuli na sahani zinazochongwa huko huuzwa Nairobi na Mombasa, na nyingine huvuka bahari hadi Ulaya na Marekani. Lakini tangu Desemba 13, 2024, biashara hiyo imekabiliwa na mtihani usiohusu ustadi wa mikono, bali karatasi.

Siku hiyo ndipo Kanuni ya Jumla ya Usalama wa Bidhaa ya Umoja wa Ulaya (EU), nambari 2023/988, ilipoanza kutekelezwa na kuchukua nafasi ya mwongozo wa mwaka 2001. Chini ya kanuni hiyo, bidhaa haiwezi kuuzwa katika nchi 27 za umoja huo bila kuwapo mtu au kampuni iliyo ndani ya umoja wenyewe inayoiwajibikia. Ni lazima pia ionyeshe jina na anwani ya aliyeitengeneza, pamoja na nambari au alama ya kuitambulisha. Aidha, mtengenezaji anatakiwa kuchunguza hatari zinazoweza kutokana na bidhaa yake, kuziandika, na kuyahifadhi maandishi hayo kwa miaka 10.

Masharti haya yalifika wakati ambapo wafanyabiashara wa Kenya walikuwa wakishangilia habari nyingine. Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi kati ya Kenya na EU, uliotiwa saini Desemba 2023, ulianza kutumika Julai 1, 2024 na kuzihakikishia bidhaa za Kenya soko lisilo na ushuru. Haikupita nusu mwaka kabla ya kanuni ya usalama kuanza kazi. Mkataba ulishughulikia ushuru. Haukumwondolea mtu yeyote wajibu wa kuthibitisha kwamba bidhaa yake ni salama.

Wapo wanaouliza sanamu ya jiwe itamdhuru nani. Swali hilo lina uzito, kwani kanuni haikutofautisha sana kiwanda kikubwa na mchongaji anayetumia panga, patasi na tupa. Hata nje ya Afrika, baadhi ya wauzaji wadogo wa Uingereza na Marekani walitangaza kuacha kutuma bidhaa katika nchi za EU kwa sababu ya gharama za kuitimiza.

Hata hivyo, maswali ya usalama si ya kubuni. Sanamu iliyopakwa rangi huweza kuwa na madini ya risasi iwapo rangi yenyewe inayo, na mtoto huweza kuitia mdomoni. Bakuli la kutilia chakula lina masharti yake zaidi, kwa kuwa EU ina sheria ya mwaka 2004 kuhusu vyombo vinavyogusana na chakula. Mnunuzi wa ng'ambo akiuliza rangi iliyotumika ni ipi, jibu la kwamba ilinunuliwa sokoni halimtoshi.

Ugumu wa Tabaka unatokana na jinsi kazi yenyewe inavyogawanywa. Mmoja huchimba jiwe, mwingine huchonga, wanawake wengi hulisugua kwa msasa na maji, mwingine hupaka rangi au nta, kisha dalali huja kuchukua. Sanamu inapofika bandarini, hakuna karatasi inayoonyesha ilikopitia.

Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Kanuni ya EU inamhesabu kuwa mtengenezaji mtu yeyote anayeiuza bidhaa kwa jina lake au nembo yake. Kwa hivyo, kampuni ya Ulaya ikiandaa stakabadhi zote na kubandika jina lake kwenye sanamu, kisheria yenyewe ndiyo mtengenezaji, na jina la Tabaka hutoweka. Gharama ya kazi hiyo nayo huenda ikakatwa katika bei anayolipwa mchongaji, ambaye ndiye mwenye nguvu kidogo zaidi ya kujadiliana. Mnunuzi aliyechoka kusubiri majibu anaweza pia kugeukia India, ambako mawe ya aina hii huchongwa vilevile.

Somo la kukabiliana na hali hii halihitaji kutafutwa mbali. Katika kaunti jirani ya Nyamira, wakulima wadogo wa majani chai huuza mazao yao kupitia viwanda kama vile Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Tombe na Nyansiongo, vinavyosimamiwa na KTDA. Nao wana masharti yao: kwa mfano, EU inaruhusu miligramu 0.02 tu za kemikali ya anthrakwinoni katika kilo moja ya majani chai, na kemikali hiyo huweza kutokana na moshi wa kuni. Mkulima wa Nyamira hahitaji kuisoma kanuni hiyo mwenyewe. Kiwanda chake kina watu wa kuifuatilia, na kila mkulima ana nambari inayoandikwa anapopima majani.

Wachongaji wanaweza kufanya vivyo hivyo kupitia vyama vyao. Uchunguzi wa hatari hauhitajiki kwa kila sanamu. Aina moja ya bidhaa inayotengenezwa kwa namna moja huweza kutumia faili moja. Linalohitajika ni daftari la chama linaloonyesha machimbo, mwezi, rangi iliyotumika na fungu la bidhaa.

Serikali nazo zina wajibu. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti ustawi wa biashara na vyama vya ushirika, huku Shirika la Viwango nchini (KEBS) likiwa kituo cha taifa cha kutoa habari kuhusu masharti ya kiufundi yanayowasilishwa katika Shirika la Biashara Duniani (WTO). Habari hizo zikibaki Nairobi, hazimsaidii mtu aliye machimboni.

Kanuni zitaendelea kubadilika, na hakuna dalili kwamba Ulaya italegeza kamba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tabaka ina mali. Kilichosalia ni daftari.